UZI: Salem, mji wa Marekani uliotajirika kwa sandarusi ya pwani yetu na leo unakula kwa jina la wachawi

Mtoto wa Malindi (#1)

Wakuu, salaam. Leo nina ofu, mvua huku haikatiki tangu alfajiri, basi nimeona nitimize ile ahadi niliyoitoa kwenye uzi wa bandari, ya kuwasimulia mji wa Salem. Naleta kwa vipande, mwenye swali aulize tu, nitajibu kadiri ninavyojua.

Naishi Lynn, jimbo la Massachusetts. Ukipanda treni hapa unapita Swampscott, kituo kinachofuata ni Salem. Kutoka Boston ni kama nusu saa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 44,480. Kuna kata za Dar zinaushinda mji mzima kwa watu. Lakini Wamarekani walipohesabiwa mara ya kwanza, mwaka 1790, Salem ilikuwa miongoni mwa miji kumi mikubwa ya nchi nzima, na watu wake hawakufika hata 8,000. Wamarekani karibu wote walikuwa mashambani.

Mara ya kwanza nilikwenda kama mgeni mwingine yeyote, kutazama mambo ya wachawi. Nikatoka pale kwenye maduka ya kofia zenye ncha nikashuka hadi baharini, nikafika gati la Derby. Gati hilo linaingia majini karibu mita 800, na mwisho wake kuna kinara kidogo cha taa kimewekwa mwaka 1871. Zamani lilijaa maghala ubavu kwa ubavu. Siku hiyo nilikuta nyasi, kokoto, watu wanatembeza mbwa, na mzee mmoja anavua samaki asiyepata kitu. Ng'ambo ya barabara limesimama jengo la forodha la mwaka 1819, matofali mekundu, juu yake tai wa mbao aliyepakwa dhahabu. Ndani kuna mizani ya kupimia shehena. Nikasimama nikasoma kibao cha orodha ya bandari ambazo meli za hapa zilikwenda. Nikakuta Zanzibar.

Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, hatua chache kutoka bandarini. Kuona jina la kwetu ukutani mwa nyumba ya ushuru ya watu, kwenye baridi ile, nilihisi kama nimeitwa kwa jina na mtu nisiyemjua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia. Naendelea.

Kichuguu (#2)

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Bint Kisauni (#3)

Hapo kwa wachawi usiparuke haraka, mimi hicho ndicho kilichonileta 😂

Mtoto wa Malindi (#4)

Dada yangu, wachawi watakuja, wana sehemu yao. Kwanza biashara.

Salem ilianzishwa 1626 na kundi dogo la wavuvi na wakulima chini ya Roger Conant. Wenyeji wa asili waliita mahali hapo Naumkeag. Jina Salem limetoka kwenye Kiebrania, shina moja na salama na salaam. Kwa maana hiyo Salem na Dar es Salaam ni wajina, ingawa wenyewe hawajui.

Mwanzo waliuza samaki mkavu. Baada ya uhuru wa Marekani, Waingereza waliwafungia masoko yao ya visiwa vya Karibi, ikabidi watafute mbali. Tajiri mmoja, Elias Hasket Derby, mwaka 1786 meli yake Grand Turk ikafika Canton, China. Nahodha Jonathan Carnes akagundua pilipili manga inapatikana wapi Sumatra, Indonesia ya leo, akarudi 1797 na shehena ambayo inasimuliwa ilileta faida ya asilimia 700. Mji ukarukwa na akili kwa pilipili. Nembo ya jiji ikawekwa picha ya mtu wa Aceh, hukohuko Sumatra, kavaa kilemba, na maneno ya Kilatini yenye maana ya "hadi bandari ya mwisho ya Mashariki tajiri".

Mwaka 1799 manahodha wakaanzisha chama chao. Masharti ya kuingia: lazima uwe umeizunguka Rasi ya Tumaini Jema au ile ya Horn ukiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Na ukirudi ulete kitu cha ajabu kwa ajili ya makumbusho. Vitu hivyo ndivyo mbegu ya Makumbusho ya Peabody Essex, ambayo leo ni taasisi kubwa yenye hadi nyumba nzima ya Kichina ya miaka 200, imefunguliwa ubao kwa ubao huko China ikajengwa upya Salem.

Sasa tuje kwetu.

Miaka ya 1820 pilipili ilikuwa imejaa sokoni na bei imeshuka. Boston na New York walikuwa na mitaji mikubwa zaidi. Salem ikatafuta vichochoro ambavyo wakubwa hawajavitazama. Kichochoro kimoja kikawa Zanzibar. Sayyid Said alikuwa anaujenga ufalme wake kibiashara, ndipo Mmarekani Edmund Roberts, mtu wa Portsmouth, New Hampshire, akamwendea. Tarehe 21 Septemba 1833 wakatia saini mkataba: Mmarekani afanye biashara popote katika himaya, alipe ushuru wa asilimia tano kwa mzigo anaoushusha, basi. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli za kigeni 41 ziliingia Unguja. Za Kimarekani zilikuwa 32, na kati ya hizo 20 za Salem. Mwingereza alikuwa na saba.

Rudia kusoma hiyo hesabu. Kamji kanakotoshana na mtaa kaliizidi himaya ya Uingereza kwa meli karibu mara tatu katika bandari yetu.

Mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar, na balozi wa kwanza akawa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Mwingereza alimleta wake, Hamerton, mwaka 1841. Waters hakuwa balozi wa suti na hotuba. Aliuza na kununua mwenyewe, akaelewana pembeni na Jairam Shivji, aliyekuwa amekodi forodha ya Sultani, na wawili hao wakawa wanaamua nani apakie nini na lini. Leo tungeita mgongano wa maslahi, wakati ule ilikuwa Jumatatu ya kawaida.

Mswahili Mkavu (#5)

Ngoja kwanza. Walikuwa wanabeba nini hasa? Karafuu?

Mtoto wa Malindi (#6)

Karafuu zilikuwepo, mkuu, lakini si kwa ajili ya karafuu walikuja. Walifuata pembe za ndovu, ngozi za ng'ombe, na zaidi ya vyote sandarusi.

Vijana wengi hawaijui. Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi uliogandishwa ardhini miaka na miaka hadi ukawa kama jiwe la manjano linalopenyeza mwanga. Watu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, walikuwa wakiuchimba baada ya mvua ardhi inapolainika. Kipande kikitoka ardhini kina ganda lenye vipele vipele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukikisafisha ganda likatoka, ndani kinang'aa. Kikiyeyushwa ndiyo vanishi: ya magari ya farasi, ya makabati, ya samani za matajiri wa Marekani na Ulaya. Na sandarusi ya Zanzibar ilikuwa ngumu kuliko nyingine zote, vanishi yake haikwaruziki ovyo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na kipande ukubwa wa yai la kwale, ndani yake sisimizi mmoja kanasa, miguu yote sita inahesabika. Tulikuwa tukigombania kukitazama juani.

Sasa sikieni hili. Nahodha John Bertram, aliyezaliwa kisiwa cha Jersey na kuja Salem mtoto wa familia isiyo na kitu, ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuleta sandarusi chafu kwa wingi, mapema miaka ya 1830. Mwaka 1835 Jonathan Whipple akafungua Salem kiwanda cha kuisafisha, kikaajiri makumi ya watu. Yaani udongo wa Mrima ulisafirishwa nusu ya dunia ili ukaoshwe Massachusetts. Thamani yote ya kuosha, kuchambua madaraja na kuuza kwa watengeneza vanishi ilibaki huko.

Halafu mwaka 1861 serikali ya Marekani ikaweka ushuru wa senti kumi kwa kila ratili ya sandarusi isiyosafishwa. Kazi ya kuosha ikahamia pwani ya Afrika. Yaani kiwanda kilikuja kwetu kwa sababu wenyewe walijikwaa kwenye kodi yao.

Nyanya ya Old Town (#7)

Na wao walileta nini? Maana mimi nyanya yangu hapa Mombasa, Mungu amrehemu, kitambaa cheupe kigumu cha pamba alikuwa akikiita marikani tu. Hakujua Marekani iko upande gani wa dunia lakini nguo yake aliijua.

Mtoto wa Malindi (#8)

Asante sana bibi, umenitangulia.

Hiyo ndiyo merikani. Nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito, ikifumwa viwanda vya Massachusetts, hasa mji wa Lowell. Ilikuja kwa majora. Jora likakatwa doti, doti moja mikono minane, nusu yake shuka. Haikuishia pwani. Msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ulibeba merikani kama wewe unavyobeba noti: hongo kwa mtemi ilitolewa kwa merikani, chakula kilinunuliwa kwa merikani, mpagazi alilipwa merikani. Waingereza walijaribu kufuma inayofanana. Wanunuzi wa bara wakaipapasa, wakasema hii siyo. Watu waliijua kwa mkono. Pamoja na nguo zilikuja bunduki, baruti, masango (nyaya za shaba) na vyombo vya nyumbani.

Na hapa kuna jambo linaloniuma. Pamba ya kufumia hiyo nguo ililimwa na watumwa Weusi wa kusini mwa Marekani. Ikafumwa na wasichana wa vijijini New England. Ikaja kununua pembe ambazo mara nyingi zilibebwa na watu waliotekwa, na kisiwani karafuu zikachumwa na watumwa wengine. Waters mwenyewe nyumbani alikuwa upande wa wanaopinga utumwa, mtu wa kanisa, aliandika shajara iliyojaa sala. Akakaa Unguja miaka mingi, akitazama soko la watumwa, akitengeneza pesa. Sina haja ya kumhukumu, maana yeye mwenyewe ukimsoma unaona alivyokuwa akijitetea kila ukurasa.

Salem ileile pia ilikuwa na Weusi huru waliosimama. Charles Lenox Remond alizunguka Marekani na Uingereza akihutubia dhidi ya utumwa. Charlotte Forten alihitimu chuo cha ualimu cha Salem mwaka 1856, akafundisha shule ya watoto wa Kizungu mjini hapo. Chuo hicho kilifunguliwa 1854 na leo ni Chuo Kikuu cha Salem State.

Mwana wa Ujiji (#9)

Hapo kwenye pembe umegusa kwetu. Wazee wanasimulia, pembe moja watu wawili. Sasa Mzungu alikuwa anazifanyia nini zote zile?

Mtoto wa Malindi (#10)

Vifungo, vitana, mipira ya biliadi, na zaidi ya yote vibao vyeupe vya piano. Jimbo la Connecticut, kusini kidogo ya hapa, kuna mji mpaka leo unaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Uliishi kwa kukata pembe za kutoka kwetu kuwa vipande vyembamba vya piano. Kila sebule ya tabaka la kati ilitaka piano.

Kichuguu (#11)

Mkuu swali la kiuchumi. Kama walikuwa na mtandao wa Canton, Sumatra, Zanzibar, walikufaje? Mbona leo hatusikii bandari ya Salem? Usiniambie ni wachawi.

Mtoto wa Malindi (#12)

Wachawi hawahusiki kabisa, walikuwa wameshanyongwa zaidi ya miaka mia.

Pigo la kwanza lilikuwa la kisiasa. Desemba 1807 Rais Jefferson alizuia meli zote za Marekani kwenda nje, akidhani atawabana Waingereza na Wafaransa. Aliowabana ni watu wa Salem. Meli zilifungwa magatini hadi 1809, mabaharia wakashindia supu ya msaada. Wakainuka kidogo, ikaja vita ya 1812.

Lakini hayo yangepita. Lililowamaliza ni kina cha maji. Bandari ya Salem ni ya maji mafupi, chini matope. Meli ya mwaka 1790 ilikuwa ndogo, ikaingia bila shida. Kadiri meli zilivyoongezeka ukubwa ndivyo zilivyoshindwa kusogea gatini. Boston ina kina. New York ina kina na tangu 1825 ina mfereji wa Erie unaoiunganisha na bara lote la ndani. Nyuma ya Salem kuna nini? Mashamba yenye mawe na Boston yenyewe. Reli ilipofika kutoka Boston mwaka 1838 watu walishangilia. Kumbe ndiyo iliyomalizia: kwa nini ushushe mzigo Salem wakati Boston inakuletea kwa treni kwa saa moja? Wafanyabiashara wakabaki na majumba yao Salem, meli zao zikawa zinashusha Boston.

Zanzibar ndiyo iliyoshikilia roho ya bandari muda mrefu zaidi, kwa sababu meli za safari ile hazikuwa kubwa. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikakata pamba, merikani ikaadimika, nguo za Bombay na za Mwingereza zikajaza nafasi. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa, Ulaya ikawa jirani yetu. Mwaka 1870 meli iitwayo Glide ikaingia Salem kutoka Zanzibar. Baada yake hakuja tena meli ya bahari zile za mbali.

Bandarini Tu (#13)

Mimi nimefanya kazi gatini zaidi ya miaka kumi, naongezea neno hapo. Watu husema bandari ni eneo zuri kijiografia. Uongo. Bandari ni vitu viwili: kina mbele na barabara nyuma. Ukiwa na kimoja tu unasubiri siku. Umelieleza vizuri mkuu.

Mswahili Mkavu (#14)

Sawa. Lakini hayo yote ni ya kale. Kichwa cha uzi kinataja na leo. Wanakula nini?

Mtoto wa Malindi (#15)

Nakuja. Kuna kipande cha katikati nitakipitia haraka.

Pesa za bahari ziligeuka viwanda. Kiwanda cha nguo cha Naumkeag kilianza kazi 1847, kikitumia mvuke kwa sababu Salem haina mto wenye nguvu kama Lowell. Makaa ya mawe yaliletwa kwa bahari, hivyo gati likapata kazi ya chini kuliko ile ya hariri na pilipili. Ukaja usindikaji wa ngozi, viatu, balbu za umeme. Kampuni ya Parker Brothers ilianza hapo 1883, ndiyo iliyoanza kuuza mchezo wa Monopoly mwaka 1935, mamilioni ya nakala. Tarehe 25 Juni 1914 moto ulianzia kiwanda cha ngozi, ukateketeza majengo zaidi ya 1,300, mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo ukageuka majivu. Wakajenga upya. Kiwanda cha nguo kikahamia kusini na kufunga hapa 1953, kufuata kibarua rahisi. Parker Brothers ikafunga 1991.

Mtaa ule uliojengwa upya baada ya moto, unaitwa The Point, ulikuwa wa Wafaransa wa Kanada. Siku hizi wengi ni Wadominika, utasikia Kihispania na bachata dirishani, na kuta za magorofa zimechorwa michoro mikubwa ya rangi kali. Nadhani ndiyo sehemu hai kuliko zote mjini, na watalii wengi hawafiki.

Sasa leo. Mwajiri mkubwa kuliko wote ni Hospitali ya Salem. Kinafuata chuo kikuu, jiji lenyewe, makumbusho. Watu wengi wanapanda treni asubuhi kwenda Boston. Ni uchumi wa kutibu, kufundisha na kulala usiku.

Lakini tazama chini ya hayo majina. Hospitali ilianzishwa 1873 na nani? John Bertram, yule wa sandarusi. Alitoa jumba la matofali na fedha taslimu. Maktaba ya jiji iko wapi? Ndani ya nyumba ya Bertram, warithi wake waliitoa 1887. Kuna nyumba ya kulelea wazee ina jina lake. Na mjukuu wake, Caroline Emmerton, mwaka 1908 alinunua nyumba kongwe ya baharini iliyojengwa 1668, ile ambayo Nathaniel Hawthorne aliitumia kwenye riwaya ya nyumba yenye paa saba. Akaikarabati, akaanza kutoza kiingilio 1910, na kiingilio hicho kikalipia madarasa ya wahamiaji maskini. Leo ni moja ya vivutio vikubwa, na bado wanaendesha madarasa ya Kiingereza na uraia.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee. Ninapopita mbele ya maktaba ile nikienda treni, huwa natazama ngazi zake nikifikiria wachimbaji wa Mrima na majembe yao.

Bint Kisauni (#16)

Umeniliza kidogo hapo. Haya sasa, WACHAWI.

Mtoto wa Malindi (#17)

Haya dada, zamu yako.

Mwaka 1692 wasichana kadhaa wa kijiji cha Salem walianza kupata degedege na kupiga kelele, wakataja watu. Wa kwanza kushikwa alikuwemo Tituba, mwanamke mtumwa. Kabla mambo hayajatulia, watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe hadi akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Wengine walifia gerezani. Hakuna aliyechomwa moto, hilo ni la kwenye sinema. Na kijiji chenyewe siku hizi kinaitwa Danvers, kilibadilisha jina. Salem ya bandari ndiko kesi zilikosikilizwa, na ndiyo iliyobaki na jina.

Kwa karne mbili mji ulikuwa ukiona aibu. Hawthorne, aliyezaliwa hapo 1804 na kufanya kazi forodhani 1846 hadi 1849, babu wa babu yake alikuwa hakimu wa kesi hizo, na jambo hilo lilimsumbua maisha yote. Kisha viwanda vilipoanza kufa, mji ukageuza aibu kuwa bidhaa. Mwaka 1970 tamthilia moja ya vichekesho ya televisheni ilikuja kupiga picha hapo, watalii wakafuata. Mwaka 1982 jiji likaanzisha tamasha la Halloween la siku chache, ambalo leo linakula mwezi mzima wa Oktoba. Magari ya polisi yana nembo ya mchawi kapanda ufagio. Timu za sekondari zinaitwa Wachawi. Kuna shule ya msingi inaitwa Vilima vya Uchawi, ndiyo, watoto wanavaa begi wanaenda.

Oktoba moja wanaingia wageni zaidi ya milioni, katika mji wa watu 44,000. Niliwahi kufanya ujinga wa kwenda Jumamosi na gari. Nilizunguka saa moja na nusu kutafuta pakingi, nikaishia kurudi Lynn na kupanda treni nikiwa nimesimama, katikati ya pepo wawili na kuku mkubwa wa manyoya. Kila upande foleni: ya kahawa, ya choo, ya kupigiwa ramli kwa dola. Kona moja, nyuma ya makaburi ya zamani, kuna ukumbusho wa waliouawa uliowekwa 1992: ukuta wa mawe na mabenchi ishirini ya jiwe, kila moja jina na tarehe. Kijana mmoja kavaa kofia ya mchawi alikuwa ameketi juu ya jina anakula chipsi. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka tu.

Ngosha wa Kahama (#18)

Mkuu, huku kwetu bibi kizee akiwa na macho mekundu ya moshi wa kuni alikatwa mapanga. Hiyo ni juzi, siyo 1692. Siwezi kufikiria mtu auze fulana za hayo. Au ndiyo tusubiri miaka mia tatu?

Mtoto wa Malindi (#19)

Ndugu yangu, sina jibu. Hata pale mjini wapo wanaochukia biashara hiyo, na wapo wanaosema bila hiyo maduka yangefungwa Januari na yasifunguke. Jina la mwisho kati ya waliohukumiwa, Elizabeth Johnson, lilisafishwa rasmi na bunge la jimbo mwaka 2022, baada ya darasa la wanafunzi wa shule na mwalimu wao kulipigania. Alihukumiwa 1693, kwa hiyo kesi yenyewe imechukua miaka 329 kufungwa.

Kichuguu (#20)

Bandari yenyewe sasa, imekufa kabisa au kuna mpango?

Mtoto wa Malindi (#21)

Kuna mpango, na hadithi yake inachosha. Tangu 1951 kando ya bandari kulikuwa na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Meli za makaa ndizo zilizokuwa zikiingia. Ulifungwa 2014, ukajengwa wa gesi ulioanza 2018, nao hauchukui eneo kubwa. Palipobaki wazi wakapanga gati la kuunganishia mitambo ya umeme wa upepo wa baharini. Mitambo hiyo husimamishwa wima ikisafirishwa, kwa hiyo inataka bandari isiyo na daraja wala nyaya njiani. Salem haina daraja njiani. Kile kilichoifanya ndogo, kuwa pembeni, safari hii kikawa sifa. Ujenzi ukazinduliwa 2024. Mwaka 2025 serikali ya Washington ikafuta ruzuku ya karibu dola milioni 34, pamoja na za bandari nyingine za upepo.

Yaani Jefferson tena, kwa kalamu nyingine.

Boti ya abiria kutoka Boston ipo msimu wa joto, na meli ndogo za utalii hutia nanga. Kwenye gati la Derby huwa wanafunga mfano wa meli Friendship ya mwaka 1797, imejengwa upya kwa ajili ya maonyesho. Eneo lote hilo, mwaka 1938, ndilo lililokuwa la kwanza nchini kutangazwa eneo la kihistoria la taifa.

Bandarini Tu (#22)

Na ile sandarusi ya babu iko wapi siku hizi? Au iliuzwa?

Mtoto wa Malindi (#23)

Haikuuzwa. Mama alinipa nilipoondoka, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo la mafuta ya nazi. Iko hapa kabatini, sisimizi yumo bado. Alhamisi nina ofu nyingine, mvua ikikatika nitapanda treni niende nayo hadi mwisho wa gati la Derby, nipige picha niwawekee hapa.

Nyanya ya Old Town (#24)

Usiidondoshe majini mwanangu.